Saa ya Bwana Taylor na Jiko la Vyakula vya Haraka

Akina mama wengi tunaye mtoto, mdogo wetu au mtoto wa jirani aliyekwenda Marekani, Canada, Uingereza au nchi za Ghuba kutafuta maisha. Mara nyingi kazi ya kwanza anayoipata huko ni katika mgahawa wa vyakula vya haraka: kukaanga viazi, kupanga nyama ndani ya skonzi, kupokea pesa dirishani. Akipiga simu nyumbani husema kazi yenyewe si ngumu kuijua, bali inachosha kupita kiasi. Tukimuuliza kinachomchosha ni nini, hujibu kwamba kule kila kitu kimekwisha kupangwa, hata hatua za miguu, na yeye kazi yake ni kufuata tu.

Jibu hilo lina historia ya zaidi ya miaka 100. Tumeona vema tuieleze hapa, kwa sababu inawagusa watoto wetu walioko huko, na inatugusa sisi wenyewe tunaosimamia majiko na kuongoza wengine kazini. Swali lililo ndani yake ni moja: katika kazi, nani anafikiri na nani anafanya? Je, ni haki kuwatenga watu hao wawili?

Mtu aliyepima kazi kwa sekunde

Frederick Winslow Taylor alizaliwa mwaka 1856 huko Philadelphia, Marekani, katika familia yenye uwezo. Ingawa angeweza kwenda chuo kikuu kikubwa, alianza kama mwanagenzi kiwandani, na mwaka 1878 akaingia kiwanda cha chuma cha Midvale. Hapo alipanda kutoka kibarua hadi mhandisi mkuu. Aliona kwamba kila fundi alifanya kazi kwa namna aliyofundishwa na wenzake, na kwamba mabwana wakubwa hawakujua hasa kazi fulani inapaswa kuchukua muda gani.

Taylor akachukua saa ya kuhesabu sekunde. Aliigawa kazi moja katika vitendo vidogo vidogo: kuinama, kushika, kuinuka, kutembea, kuweka. Kila kitendo akakipima. Visivyo na faida akaviondoa, vilivyobaki akavipanga, na kusema kuwa hiyo ndiyo njia moja iliyo bora. Kila mfanyakazi sasa aifuate hiyo, wala asiwe na yake. Mwaka 1911 aliyaeleza mawazo haya katika kitabu, na watu wakayaita uongozi wa kazi wa kisayansi.

Mfano wake maarufu unatoka kiwanda cha Bethlehem, mwaka 1899. Vibarua walikuwa wakibeba vipande vya chuma, kila kimoja kilo 42 hivi, kutoka chini hadi ndani ya behewa la treni. Kwa kawaida mtu mmoja alibeba tani 12 na nusu kwa siku, kwa ujira wa dola 1 na senti 15. Taylor alimchagua mtu mmoja mwenye nguvu, akamwekea msimamizi wa kumwambia lini abebe na lini apumzike. Kwa maelezo ya Taylor mwenyewe, mtu yule alifikisha tani 47 na akalipwa dola 1 na senti 85.

Hebu tupige hesabu kama tupigavyo ya sokoni. Mzigo uliongezeka karibu mara nne. Ujira uliongezeka kwa senti 70 tu, yaani haukufika hata mara mbili. Tena katika kitabu chake Taylor alimfananisha mtu wa kazi hiyo na maksai, kwamba akili yake haitoshi kuielewa sayansi ya kazi yake mwenyewe.

Tusimwonee, alikuwa na mambo mema. Aliona kwamba vibarua walitumia beleshi moja kwa kila kitu, kwa makaa mepesi na kwa mawe mazito. Alipima akaona uzito unaofaa kuinuliwa kwa kila beleshi ni kilo 9 na nusu hivi. Akaagiza mabeleshi makubwa kwa vitu vyepesi na madogo kwa vitu vizito. Mgongo wa mtu ulipata nafuu. Pia alisisitiza kwamba mtu afundishwe kazi yake, asiachwe kubahatisha.

Lakini sehemu moja ya mafundisho yake ilikuwa na sumu. Alisema kufikiri kote kuondolewe mikononi mwa wafanyakazi na kuwekwa ofisini. Mwezi wa Agosti 1911, katika kiwanda cha silaha cha serikali huko Watertown karibu na Boston, mafundi wa kusubu chuma waliacha kazi walipoanza kupimwa kwa saa ile. Bunge la Marekani lilifanya uchunguzi, Taylor akaitwa kujieleza, na baadaye saa hizo zikakatazwa katika viwanda vya silaha vya serikali. Taylor alifariki mwaka 1915, lakini mawazo yake yalikuwa yamekwisha kuenea.

Mama wa watoto kumi na wawili

Katika historia hii yumo mama mmoja ambaye wengi wetu hatujamsikia. Lillian Gilbreth alizaliwa mwaka 1878 huko California. Yeye na mumewe Frank walichunguza kazi kwa kutazama mienendo ya mwili zaidi ya saa. Frank alianza na waashi. Aligundua kwamba mwashi anafanya vitendo 18 kuweka tofali moja, akavipunguza hadi 5 hivi, hasa kwa kuweka matofali kwenye jukwaa la kimo cha mkono ili mwashi asiiname kila mara.

Sisi wauguzi tuna deni kwa watu hawa. Frank alipiga picha za sinema katika vyumba vya upasuaji, akaona daktari anapoteza muda mwingi akitafuta vifaa vyake huku mgonjwa amelala mezani. Alishauri awepo mtu wa kumkabidhi kila kifaa mkononi anapokihitaji. Leo muuguzi wa chumba cha upasuaji anapoweka mkasi katika kiganja cha daktari bila daktari kuinua macho, utaratibu huo una mizizi yake hapo.

Lillian alizaa watoto 12. Mmoja alifariki angali mdogo kwa dondakoo, ugonjwa ambao leo tunawakinga watoto wetu kwa chanjo ya kliniki. Mwaka 1924 Frank alifariki ghafla, na makampuni kadhaa yakamkataa Lillian kwa sababu ni mwanamke. Hakukata tamaa. Aligeukia jiko. Alihoji maelfu ya wanawake ili kujua meza na majiko yawe na kimo gani mgongo usiumie. Alipanga jiko ili jiko lenyewe, meza na mahali pa kuoshea viwe karibu, mama asitembee bure.

Tofauti yake na Taylor ni hii: Lillian aliuliza. Alikuwa amesomea saikolojia hadi shahada ya udaktari, na alisisitiza kwamba uchovu, hamu ya kazi na maoni ya mfanyakazi ni sehemu ya kazi yenyewe. Taylor alitaka kazi nyingi zaidi kutoka kwa mtu, naye Lillian alitaka mtu abakiwe na nguvu za kuishi baada ya kazi.

Kutoka kiwandani hadi jikoni

Mwaka 1913 Henry Ford aliweka katika kiwanda chake cha magari mkanda unaotembea. Mfanyakazi alisimama mahali pamoja, gari likamfikia, akafunga nati yake, likapita. Muda wa kuunganisha gari moja ulishuka kutoka saa 12 na nusu hadi saa 1 na nusu hivi. Lakini watu hawakudumu katika kazi ile, wakawa wanaacha makundi kwa makundi. Mwaka 1914 Ford alitangaza ujira wa dola 5 kwa siku, ambao ni zaidi ya mara mbili ya ule wa zamani, ili wabaki.

Miaka 35 baada ya mkanda wa Ford, utaratibu wa namna hiyo uliingia jikoni. Ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald, walikuwa na mgahawa huko San Bernardino, California. Wateja walikaa ndani ya magari yao, na wasichana wakawapelekea chakula. Mwaka 1948 walifunga mgahawa kwa miezi michache na kuubadilisha kabisa. Vyakula 25 vikawa 9. Sahani, visu na uma vikaondolewa, pakawekwa karatasi. Wasichana wale waliachishwa kazi. Mpishi mwenye kujua kila kitu naye akaondoka, na mahali pake pakawa na vijana kadhaa, kila mmoja na kazi moja: wa nyama, wa kufunga, wa viazi, wa maziwa. Hambaga iliuzwa senti 15, na watu wakapanga foleni.

Walipokuwa wakipanga jiko jipya, ndugu hao walichora umbo lake kwa chaki kwenye uwanja wa tenisi wa nyumbani kwao. Wakawaita vijana wao, wakawaambia wajifanye wanapika, huku wao wakitazama nani anamgonga nani na nani anatembea bure. Frank Gilbreth angetambua kazi yake hapo.

Mwaka 1954 alifika Ray Kroc, mwuzaji wa mashine za kuchanganyia maziwa, akapendezwa. Mwaka 1955 alifungua mgahawa wake wa kwanza wa jina hilo karibu na Chicago, na mwaka 1961 akawanunua ndugu wale kwa dola milioni 2 na laki 7. Mwaka huo huo alianzisha shule ya kufundisha mameneja. Aliandikisha kitabu cha maagizo: viazi vikatwe unene gani, nyama ipangwe safu ngapi, igeuzwe lini. Kwa miaka mingi, hadi karibu na mwisho wa miaka ya 1960, migahawa hiyo iliajiri wavulana tu.

Kazi ilivyo ndani ya jiko hilo

Makampuni mengine yalifuata njia hiyo hiyo. Chombo cha sosi hutoa kipimo kimoja kila kikibonyezwa. Kengele hulia kumwambia mfanyakazi aopoe viazi. Mashine ya pesa ina picha za vyakula, basi hata asiyejua bei anaweza kuuza. Maneno ya kumsalimu mteja nayo yameandikwa. Dirishani kuna saa inayohesabu sekunde tangu gari lifike hadi liondoke. Kompyuta hukisia wateja wa kila saa na kumwambia meneja aite watu wangapi.

Tukitazama vizuri tutaona kwamba saa ya Taylor haikuondoka. Imehamia ndani ya mashine. Zamani msimamizi alisimama kando na saa yake mkononi, na mtu aliweza kumwambia neno. Leo kengele inalia, na kengele haijibu swali.

Utaratibu unaookoa maisha

Je, tuseme utaratibu wote ni mbaya? La hasha. Sisi tunaofanya kazi hospitalini tunajua. Kabla daktari hajafunga tumbo la mgonjwa, pamba na vifaa huhesabiwa, na hesabu ikipungua hata moja hatufungi. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo ya kuhakikisha katika kila upasuaji. Hapo hatuhitaji ubunifu wa mtu. Tunahitaji kila mmoja afanye vile vile kila siku, hata akiwa amechoka.

Jikoni ni hivyo hivyo. Mwaka 1993 huko Marekani hambaga za kampuni moja kubwa, Jack in the Box, zilipikwa bila kuiva vya kutosha, zikiwa na vijidudu hatari. Watu zaidi ya 700 waliugua na watoto 4 walifariki. Baada ya msiba huo kanuni za joto la nyama zilikazwa sana. Mama anayemnunulia mtoto chakula anahitaji kujua kwamba nyama imeiva na mikono imenawa. Katika hilo, kanuni iliyoandikwa ni rafiki yake.

Lakini angalieni tofauti. Hospitalini orodha ile inampa hata muuguzi mdogo haki ya kusema, "Simameni, hesabu haijatimia," na daktari bingwa anasimama. Utaratibu umempa sauti. Katika jiko la vyakula vya haraka mara nyingi utaratibu humwondolea mtu sauti. Hapo ndipo kanuni njema inapogeuka kuwa nira.

Hasara yake mwilini na nyumbani

Kwanza ni mwili. Kitendo kimoja kikirudiwa mamia ya mara katika zamu moja huumiza kifundo cha mkono na bega. Kusimama saa nyingi huvimbisha miguu. Sakafu yenye mafuta huangusha. Na haraka ikizidi karibu na mafuta ya moto, watu huungua. Tunawakumbusha kwamba aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno wala samli. Jeraha likiwa kubwa au likiwa usoni, mkononi au kwenye kiungo, aende hospitali.

Pili ni muda. Kompyuta inapopanga zamu kwa kukisia wateja, mama mwenye mtoto mchanga hajui wiki ijayo atafanya kazi saa ngapi, wala atalipwa kiasi gani. Mlezi wa mtoto atampata vipi? Ndiyo sababu mwaka 2017 Jiji la New York lilitunga sheria inayowataka wenye migahawa ya vyakula vya haraka kutoa ratiba siku 14 kabla.

Tatu ni heshima. Kazi inayoweza kufundishwa kwa siku chache humfanya mtu aonekane ni rahisi kubadilishwa. Wengi huondoka kabla ya mwaka kwisha, na mwingine huchukua nafasi. Mwezi wa Mei 2023 Wizara ya Kazi ya Marekani ilitangaza kwamba wakala watatu wa McDonald's katika jimbo la Kentucky waliwaajiri watoto 305 kinyume cha sheria. Wawili kati yao walikuwa na umri wa miaka 10, na wakati mwingine walikuwa kazini hadi saa 8 usiku. Kazi ikikwisha kupunguzwa hadi haihitaji akili ya mtu mzima, mtu mwenye tamaa atashawishika kumpa mtoto.

Wafanyakazi wenyewe hawakunyamaza. Novemba 2012 baadhi yao huko New York waligoma wakidai dola 15 kwa saa, na dai hilo likaenea nchi nzima. Tangu tarehe 1 Aprili 2024 sheria ya California inaagiza ujira usiopungua dola 20 kwa saa katika makampuni makubwa ya vyakula vya haraka, na imeunda baraza ambamo wafanyakazi nao wana wajumbe. Hili la baraza tunaliona kubwa kuliko hata dola, kwa maana mtu wa jikoni amerudishiwa nafasi ya kusema neno juu ya jiko lake.

Kwetu Afrika Mashariki

Jiko la namna hiyo limekwisha kufika kwetu. Kampuni ya KFC ilifungua Nairobi mwaka 2011. Mwezi wa Januari 2022 wateja wake nchini Kenya waliambiwa chipsi zimekwisha. Watu walishangaa, maana Kenya inalima viazi kwa wingi. Sababu ni kwamba viazi vya kampuni hiyo vilitoka nje, meli zikachelewa, na wakulima wa nchini walikuwa hawajaingizwa katika orodha ya wauzaji waliokubaliwa na kampuni. Wananchi walikasirika, na kampuni ikasema itawatafuta wakulima wa hapo.

Mama lishe wa sokoni hawezi kupata shida kama hiyo. Viazi vikikosekana, atapika ndizi au mihogo, na mteja ataondoka ameshiba. Anafikiri na kufanya kwa wakati mmoja. Yule anajua mteja gani hali pilipili na nani atalipa mwisho wa mwezi. Hatusemi jiko lake halina kasoro. Tunasema ujuzi wake ni ujuzi, na tusiudharau kwa sababu haukuandikwa.

Tufanye nini?

Kwa watoto wetu walioko katika kazi hizo: tusiwadharau. Kazi ni kazi, na wengi wamesomesha wadogo zao kwayo. Tuwaulize habari za afya zao, si za pesa tu. Wanapumzika lini? Wana viatu visivyoteleza? Wanazijua haki zao za mapumziko na ratiba katika nchi waliyopo? Tuwatie moyo wajifunze kitu kingine kidogo kidogo, ili akili isilale.

Kwa msichana anayetusaidia nyumbani: hapa tujitazame wenyewe. Ni mara ngapi mama humwambia, "Wewe usifikiri, fanya nilivyokwambia"? Hayo ni maneno ya Taylor, yamesemwa kwa Kiswahili. Tumfundishe vizuri mambo ya usalama: maji ya kunywa yachemshwe, mafuta ya taa yafungiwe, mtoto asiachwe karibu na moto. Hayo yasibadilike. Mengine tumuulize. Yeye ndiye anayejua ndoo inaumiza wapi na saa ipi mtoto analala.

Kwa majiko yetu: tufuate mfano wa Mama Gilbreth. Meza iwe kimo cha kiuno, si chini ya magoti. Chumvi, mafuta na vijiko vikae karibu na moto. Maji yawekwe mahali ambapo hatuvuki nyumba nzima kuyafuata. Mgongo ukipumzika nusu saa kwa siku, kwa mwaka ni siku nyingi.

Kwa shughuli zetu za pamoja: tunapopika chakula cha watu 200 kanisani, nasi hugawana kazi. Mmoja anachambua mchele, mwingine anamenya vitunguu, mwingine yuko kwenye sufuria. Kazi inakwenda haraka kama ya akina McDonald, lakini hatuchoki kama wao. Ni kwa sababu tunazungumza, tunabadilishana, na anayeona chumvi imezidi husema. Tuulinde utaratibu huo. Tusimpe mtu mmoja kuosha vyombo miaka nenda miaka rudi, huku wengine wakikalia viti vya kamati.

Mungu alimpa kila mtu mikono na akili pamoja. Yeyote tunayemwongoza, awe mtoto, msaidizi wa nyumbani au mwenzetu kazini, tumpe njia iliyo bora kama tunaijua. Kisha tumwulize, "Wewe unaonaje?" na tusubiri ajibu.